Tezi ikilegea, tusiifanye mizani kuwa hakimu

Hapo kale, katika jamii zetu nyingi, mtu aliyenawiri mwili alihesabiwa kuwa mwenye neema. Kitambi kilikuwa shahada ya kwamba nyumbani kwake hapakosekani chakula. Siku hizi mambo yamepinduka. Mtu akinenepa huambiwa kwamba ni mlafi au mvivu, na akikonda ghafla watu huanza kunong'ona kwamba ana maradhi yasiyotajika. Hukumu zote mbili hutolewa bila ya shahidi wala ushahidi. Linalonisikitisha zaidi ni kwamba hukumu hizi hutolewa shuleni pia, mahali ambapo tungetarajia watu wachunguze kwanza ndipo wanene.

Nimefundisha kwa zaidi ya miaka 20, na kwa miaka 12 kati ya hiyo nimeishi na tezi ya shingo iliyolegea. Ninayoyaandika hapa, basi, nimeyasoma na pia nimeyaonja. Dai langu ni hili: kuhusu tezi na uzani wa mwili, jamii yetu imeshikilia dhana mbili zilizopotoka. Ya kwanza ni kumlaumu mgonjwa kwa kila kilo anayoongeza. Ya pili ni kuilaumu tezi kwa kila kilo hiyo hiyo. Dhana hizi zinapingana kwa sura, lakini matokeo yake ni mamoja: mgonjwa hasaidiki. Yule wa kwanza huona haya kwenda hospitalini, na yule wa pili hukaa akingoja kidonge kimfanyie kazi ambayo hakikuumbwa kuifanya.

Tezi ninayoizungumzia iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Umbo lake ni kama la kipepeo aliyekunjua mabawa, na uzani wake kwa mtu mzima ni takriban gramu 20. Matabibu huiita thairoidi. Wengi wetu huitambua pale tu inapovimba na kuwa rovu, ilhali inaweza kuugua kwa miaka bila ya kuvimba hata kidogo. Kazi yake ni kutengeneza homoni, hasa thairoksini, ambazo huuamrisha mwili utumie chakula na joto kwa kasi gani. Mfano wake ni upepeo kwenye jiko la makaa. Ukipepea sawasawa, chungu huchemka kwa wakati wake. Ukipepea kidogo, makaa hufifia ingawa yamejaa jikoni. Ukipepea kupita kiasi, makaa huteketea na chakula huungua.

Tezi hii nayo ina mkubwa wake. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo, pituitari, ambayo hutoa homoni iitwayo TSH ili kuiamsha thairoidi. Thairoidi inapozembea, pituitari hupaza sauti, na kiasi cha TSH katika damu hupanda. Ndiyo sababu daktari akishuku maradhi haya hatosheki na kukutazama usoni. Huagiza damu ipimwe, kwa kuwa damu haina upendeleo wala fitina.

Homoni zikipungua, mtu huchoka kabla ya jua kupanda. Husikia baridi wakati wenzake wamevua sweta. Ngozi hukauka, nywele hukatika, choo huwa kigumu, sauti hukwaruza, uso huvimba, na kumbukumbu hupotea. Wanawake wengine hupata hedhi nzito. Uzani huongezeka japo sahani haijaongezwa. Homoni zikizidi, mambo huwa kinyume: moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, jasho hutiririka, usingizi hutoroka, na mtu hukonda hali anakula kama mchimba mtaro. Maradhi haya huwapata wanawake zaidi sana kuliko wanaume. Sababu moja kubwa ya tezi kulegea ni kinga ya mwili kuishambulia, hali iliyoelezwa na daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, mwaka wa 1912. Sababu nyingine ni upungufu wa aidini katika chakula.

Sasa, hebu msomaji azitazame dalili hizo kwa jicho la shule. Mwalimu anayechoka, anayesahau alichokuja kukifuata darasani, na ambaye nguo zake zinambana kila muhula, huitwaje? Katika majilisi ya walimu niliambiwa kwamba ugali wa shule umenikubali. Wanafunzi nao, ambao ulimi wao haujui breki, walinipa jina la Lori. Katika zahanati moja niliyoiendea, mhudumu alinitazama kutoka juu hadi chini, akaniambia nipunguze kula, akaita mgonjwa mwingine. Damu haikupimwa. Ilipita takriban miaka miwili kabla ya afisa mwingine wa tiba kunishika shingo, kuniuliza kuhusu baridi na nywele, na kuagiza kipimo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Simlilii msomaji anionee huruma. Nataka aone jinsi hukumu ya haraka inavyoweza kuchelewesha matibabu ya maradhi yanayotibika kwa urahisi.

Hata hivyo, haki haitakamilika nisipowageukia wagonjwa wenzangu. Madaktari bingwa wa tezi wanakubaliana kwamba uzani unaoletwa na tezi iliyolegea yenyewe kwa kawaida si mkubwa. Mara nyingi ni kati ya kilo 2 na kilo 5, na sehemu kubwa ya hizo ni chumvi na maji yaliyotuama mwilini, si mafuta. Mimi nilikuwa nimeongeza kilo 14. Nilipotibiwa, kilo 4 ziliondoka katika miezi ya mwanzo. Kumi zilizosalia zilibaki pale pale, zikitazamana nami. Zilikuwa zimeletwa na mambo yaliyoandamana na ugonjwa: uchovu uliofanya nikae badala ya kutembea, na chai yenye sukari iliyonisukuma hadi kengele ya jioni. Tezi ilifungua mlango, lakini wageni wengine waliingia kwa miguu yao wenyewe, na kuwatoa kulihitaji zaidi ya kidonge.

Kidonge, lakini, ndicho cha kwanza, na historia yake inastahili kujulikana na kila mwanafunzi wa biolojia. Mwaka wa 1891, daktari Mwingereza, George Murray, alimdunga mwanamke aliyekuwa hoi kwa ugonjwa huu dawa iliyotolewa katika tezi ya kondoo. Mwanamke huyo alipata nafuu, akaendelea kutumia dawa ya tezi, akaishi hadi mwaka wa 1919. Leo hatuhitaji kondoo. Dawa ni levothairoksini, kidonge kidogo kinachopimwa kwa mikrogramu, ambacho ni mfano halisi wa homoni iliyopungua.

Kidonge hiki kina adabu zake, na asiyezijua hukitumia bila ya faida kamili. Hunywewa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kiamshakinywa. Hapa ndipo Wakenya tunapojikwaa, maana asubuhi yetu huanza kwa chai ya maziwa. Maziwa, kahawa na soya huweza kuizuia dawa isiingie damuni ipasavyo. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalisiamu huizuia zaidi, kwa hivyo vinapaswa kutenganishwa nayo kwa muda wa saa 4. Mwanamke mgonjwa akishika mimba anapaswa kumwona daktari mapema, kwa kuwa aghalabu kipimo cha dawa huhitaji kuongezwa. Dawa hukaa mwilini muda mrefu na kazi yake ni ya polepole. Ndiyo maana damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, na ndiyo maana mtu asikate tamaa baada ya siku kumi wala kuiacha pindi anapopata nafuu.

Kuna jambo jingine ambalo sitalinyamazia. Wapo watu, hasa vijana, wanaodhani kwamba kwa vile homoni ya tezi huharakisha mwili, basi mtu mwenye tezi nzima akimeza vidonge hivi atapungua. Huo ni mchezo wa moto karibu na petroli. Homoni ikizidi huvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa, na kwa sababu hiyo dawa hii haifai kutumiwa kupunguza unene. Wanaouza mitishamba na poda za kukondesha bila ya kutaja kilichomo ndani nao tuwaepuke. Mgonjwa wa tezi hana ziada ya afya ya kuifanyia majaribio.

Nije sasa kwenye sahani. Sijaona chakula kiponyacho tezi ambayo imeshambuliwa na kinga ya mwili, na anayedai kukiuza anauza maneno. Lakini zipo hofu zinazoenezwa bila ya msingi, na kubwa kati yake ni kwamba mgonjwa asiguse sukuma wiki, kabeji wala muhogo. Ni kweli kwamba vyakula hivi vina kemikali zinazoweza kuibana tezi. Katika kisiwa cha Idjwi, kwenye Ziwa Kivu nchini Kongo, watafiti walibainisha katika karne iliyopita kwamba rovu lilienea mahali ambapo aidini ilikuwa haba. Uchunguzi wao katika nchi hiyo ulionyesha pia kwamba muhogo usioandaliwa vyema huzidisha madhara ya upungufu huo. Funzo lake ni kwamba muhogo uandaliwe na kupikwa ipasavyo, na aidini isikosekane. Mtu anayepata aidini ya kutosha na anayekula mboga zilizopikwa kwa kiasi cha kawaida hana sababu ya kuikimbia sukuma wiki, mboga ambayo ni rahisi na yenye kushibisha bila ya kunenepesha.

Aidini yenyewe inahitajika kwa kiasi kidogo ajabu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mja mzito 250. Mwalimu wa hisabati na awape wanafunzi swali hili: mikrogramu 150 kila siku kwa miaka 70 ni gramu ngapi? Jawabu halifiki gramu 4, kiasi kisichojaza kijiko cha chai. Lakini mtoto akiikosa hiyo tangu tumboni, ubongo wake huathirika. Tangu mwaka wa 1978 sheria ya Kenya imetaka chumvi ya kula itiwe aidini. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba pakiti tunayoinunua imeandikwa hivyo, kuihifadhi katika chombo chenye kifuniko mbali na unyevu na jua, na kuitia chunguni karibu na mwisho wa mapishi. Hata hivyo, tusiimwage. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kwa ajili ya shinikizo la damu. Aidini ikizidi nayo huidhuru tezi, kwa hivyo vidonge vya mwani wa baharini visimezwe bila ya ushauri wa daktari.

Kuhusu kilo zilizosalia, mimi sikugundua muujiza. Niligawa sahani: nusu mboga, robo ugali au wali, na robo nyingine maharagwe, ndengu, samaki au yai. Nyuzinyuzi za mboga na maharagwe ziliniondolea pia ugumu wa choo. Kisha nilihesabu sukari. Vikombe 4 vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko 3, ni vijiko 12. Kijiko kimoja kina takriban gramu 4, kwa hivyo jumla ni gramu 48, nazo hutoa karibu kalori 190 kabla mtu hajagusa mandazi. Nilipunguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili hadi ulimi ukasahau. Sikuwahi kushinda na njaa. Mgonjwa wa tezi ambaye tayari hana nguvu akijinyima chakula kabisa, huzidisha uchovu, huacha kutembea, na mwishowe hurudi kwenye sufuria kwa kisasi.

Mazoezi nayo yana mpango wake. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki, na watoto na vijana wastani wa dakika 60 kila siku. Lakini mgonjwa ambaye dawa bado haijamkolea asisukumwe kuanza huko. Misuli yake huuma na moyo wake huenda polepole. Nilianza na dakika 10 za kutembea kwa miguu baada ya masomo. Kila wiki niliongeza dakika chache, na baada ya miezi minne nilikuwa nikitembea nusu saa kwa siku tano, yaani hizo dakika 150. Haba na haba hujaza kibaba. Yule ambaye tezi yake inakwenda kasi mno naye asikimbilie uwanjani kabla daktari hajamruhusu, kwa sababu moyo wake tayari unakimbia hata akiwa kitini.

Anayedhani kwamba ugonjwa huu ni mwisho wa mwili wenye nguvu na amkumbuke Gail Devers, mwanariadha wa Marekani. Mwaka wa 1990 iligunduliwa kwamba alikuwa na ugonjwa wa tezi iliyozidisha homoni, na matibabu yake yaliitesa miguu yake vibaya. Mwaka wa 1992, katika Michezo ya Olimpiki ya Barcelona, alishinda mbio za mita 100 za wanawake, na mwaka wa 1996 akazishinda tena huko Atlanta. Si kila mgonjwa atakuwa Devers, lakini kila mgonjwa anaweza kutibiwa kwanza na kukimbia baadaye. Mpangilio huo ndio wenye maana.

Najua kuna walimu watakaonipinga. Watasema kwamba tukianza kuwaonea wanafunzi huruma, kesho darasa zima litadai kuwa na tezi, na uwanja wa michezo utabaki kwa kunguru. Hoja hii ina uzito, wala siidharau, kwa kuwa ninawajua vijana. Lakini siombi msamaha wa mazoezi kwa yeyote. Naomba mazoezi yalingane na mwili wa mtu na cheti cha daktari. Viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka wa 2001, lakini bado wapo wanaomwadhibu mtoto mzito kwa kumzungusha uwanjani wenzake wakicheka. Mtoto aliyefunzwa hivyo hujifunza kuuchukia uwanja maisha yake yote. Kama lengo letu ni afya, basi adhabu hiyo inalipiga vita lengo hilo.

Mwalimu ana nafasi ambayo hata daktari hana. Yeye humwona mtoto kila siku kwa miezi tisa ya mwaka. Mtoto ambaye kimo chake kimesimama huku wenzake wakirefuka, anayesinzia, anayejifunika sweta adhuhuri, na ambaye alama zake zinaporomoka pasipo sababu, huenda tezi yake imelegea. Yule ambaye mwandiko wake umeharibika kwa kutetemeka, anayekonda ilhali anaongeza chakula, na ambaye hatulii kitini, huenda yake imezidi kasi. Si kazi ya mwalimu kutaja ugonjwa. Kazi yake ni kumwita mzazi faraghani na kumshauri ampeleke mtoto kupimwa damu, kabla ya kuandika katika ripoti ya muhula kwamba mtoto ni mzembe.

Kwa wakuu wa shule, ombi langu ni dogo. Chumvi ya jikoni iwe na aidini na ifunikwe. Mboga zisiwe pambo la kuzunguka ugali. Mwanafunzi wa bweni anayetumia dawa ya tezi aruhusiwe kuimeza alfajiri na kupata kiamshakinywa chake baadaye kidogo, bila ya kulazimika kujieleza kila siku mbele ya foleni. Mambo haya hayahitaji bajeti mpya.

Nanyi wanafunzi, mnaosoma habari za homoni ili mjibu maswali ya mtihani, zisomeni pia ili mwaelewe wenzenu. Jina la utani huchukua nusu dakika kubuniwa na miaka kusahaulika. Kabla ya kumbandika mwenzenu, au mwalimu wenu, jina la gari la mizigo, jiulizeni kama mmekwisha kuiona karatasi yake ya maabara. Na wewe unayejishuku kuwa na dalili nilizozitaja, usijifiche. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda hospitalini ukapimwe. Ukiambiwa kwamba tezi ni nzima, shukuru, kisha uitazame sahani yako na miguu yako kwa moyo mkunjufu. Ukiambiwa kwamba imelegea, meza dawa kwa utaratibu, kisha uitazame sahani na miguu vivyo hivyo.